Kompyuta Inasema Nane

Margʻilon, Jumanne 24 Januari 2017

Mume wangu Elmurod,

Salamu kutoka huku chini ambako bado tunaiona barabara. Mimi na mama yako hatujambo. Dereva Mamasoli anakupandishia soksi za sufu, zabibu kavu na mikate miwili. Nilimwambia Mama kwamba mtu mmoja mlimani hawezi kumaliza mikate miwili kabla haijawa mawe, akanijibu kwamba katika nyumba yake mkate mmoja haujawahi kutoka mlangoni na hautaanza leo. Basi utatafuna.

Sasa habari yenyewe. Mzee Turob amefariki Jumatano iliyopita. Ni yule babu wa bwana harusi tuliyemrekodi tarehe nane, mwembamba, mwenye joho la buluu, aliyeinuka akacheza peke yake mpaka wageni wengine wakakaa kumpisha. Siku kumi tu baadaye amekwenda. Nilikwenda msibani na Mama, na Bibi Adolat, mjane wake, akanishika mkono akanivuta pembeni. Kumbe siku ile yeye hakuwepo ukumbini. Alibaki nyumbani kumngoja bibi harusi na kuangalia masufuria. Watu wote walimwambia kwamba mzee wake amecheza, naye hakuamini, maana katika miaka hamsini na miwili ya ndoa hakumwona akicheza hata hatua moja. Akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe. Siku ya arobaini, wageni wakishaondoka, watoto wangu wote watakuwa nyumbani. Nataka nimwone." Nikamwahidi. Arobaini ni Jumapili, tarehe 26 Februari.

Na kompyuta yako imeingia wazimu. Nikiwa nakata filamu inaganda, kipanya hakisogei, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe. Mara mbili nimefaulu kuitoa filamu mpaka mwisho, na mara zote mbili picha imejaa vipande vya kijani na zambarau, kimoja kimemkalia mzee wa watu usoni. Kadi za kamera ulizifuta kabla hujaondoka na zimesharekodi harusi nyingine. Ngoma ya mzee Turob imebaki ndani ya sanduku hili tu, duniani kote. Nikiipoteza sijui nitamtazamaje yule bibi. Sijamwambia mtu.

Usiniambie niipeleke sokoni. Zile saa tatu za upande wa wanawake zimo humo humo, wake za watu wanacheza bila vitambaa, na mafundi wa sokoni nawajua, mikono inatengeneza na macho yanatembea. Niambie la kufanya, nifanye mwenyewe.

Mkeo,
Muhayyo


Kituo cha Oqtosh, Ijumaa 27 Januari

Mke wangu Muhayyo,

Mungu amrehemu mzee Turob. Nilimfuata kwa kamera hatua kwa hatua, na moyoni nikasema leo nimepata kitu. Mpe Bibi Adolat pole zangu.

Kuhusu mashine, ondoa hofu. Ni ya mwaka 2009, lakini niliiongezea mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani, na miaka mitatu imenibeba bila kukohoa. Nadhani shida ni mwendo wa RAM, vile vijiti vya kumbukumbu. Izime, iwashe, na papo hapo bonyeza Delete mfululizo mpaka uone ule ukurasa wa buluu niliokukataza. Leo nakuruhusu.

Humo utaona namba ya msingi, 166. Kiwandani ilikuwa 133, mimi ndiye niliyeipandisha, usiiguse. Chini yake ipo namba ya kuzidishia ya RAM. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. RAM zetu zimeandikwa 1333 ubavuni. Asiyejua akiona kumi ataridhika, kwa sababu 133 mara kumi ni 1330. Lakini sisi msingi wetu si 133. Kwetu kumi ni 1660, na RAM haziwezi mbio hizo, zinaanza kusahau zilichoambiwa. Kwetu inatakiwa nane. Ukikuta kumi, weka nane, bonyeza F10, kubali. Labda imejipandisha yenyewe umeme ulipokatika. Mashine za zamani zina mambo yake.

Usifungue sanduku hata kidogo. Ile feni kubwa ya shaba nimeifunga kwa waya mwenyewe, ikiteleza tumekwisha.

Huku theluji inafika kifuani. Asubuhi natoka kusoma vijiti vyangu vitatu vya kupimia theluji, narudi, nasema namba kwenye redio, nakunywa chai. Mkate wa pili niliuvunja kwa nyundo, mwambie Mama ulikuwa mtamu.

Mumeo,
Elmurod


Margʻilon, Jumanne 31 Januari

Mume wangu,

Ilijipandisha yenyewe. Sawa. Nami kesho kikombe kikivunjika nitasema kimejitupa chenyewe.

Niliingia kwenye ukurasa wako wa buluu. Sikuwa mjinga kama nilivyodhani. Msingi ulikuwa 166, RAM ilikuwa kumi. Nikaweka nane, nikabonyeza F10. Ikawaka vizuri, nikakata filamu saa mbili nzima bila tatizo, nikaanza hata kuimba. Kisha ikaganda. Nikaiwasha tena, ikaenda nusu saa, ikaganda tena. Filamu niliyoitoa juzi ina vipande vya rangi vichache kuliko mwanzo, lakini vipo. Ina maana dawa yako imefanya kazi nusu, na nusu ya ngoma siwezi kumpelekea mjane.

Jambo moja dogo, labda si kitu. Inapowaka, juu kabisa inahesabu RAM na kuandika 8192. Nakuandikia tu kwa kuwa ulizoea kusema nitaje kila ninachokiona.

Mama amebadilika. Kila nikikaa kwenye mashine anakuja na chai, halafu haondoki. Ameizungushia moshi wa isiriq mara mbili kufukuza jicho baya, mpaka nimelazimika kufungua madirisha kwenye baridi hii. Kila siku ananiuliza, Elmurod amesemaje, anasema kosa ni la nini. Jana mashine iliganda yeye akiwa nyuma yangu na tasbihi mkononi. Alitoka, na chakula cha jioni hakula. Nadhani ananihurumia. Au anaona nimewaaibisha.

Bibi Adolat alituma sahani ya halua. Hakuuliza chochote kuhusu filamu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Mkeo,
Muhayyo


Oqtosh, Ijumaa 3 Februari

Muhayyo,

Nianze na langu. Haikujipandisha yenyewe. Ile asubuhi ya kuondoka, wewe ukiwa unanifungia mizigo, niliingia nikaweka kumi ili ikukimbilie zaidi nisipokuwepo. Sikuijaribu. Nilitaka ukae mbele yake useme mume wangu ni bingwa. Haraka haraka haina baraka, na mimi nililijua hilo tangu shule ya msingi.

Lakini sasa uko kwenye nane na bado inaganda, kwa hiyo kuna jingine, na hilo si langu. 8192 haiwezekani. RAM zetu ni vijiti vitatu, kila kimoja 2048, jumla 6144. Bodi ile ni ya aina inayofanya kazi na vijiti vitatu vitatu, ndivyo ilivyoundwa. Namba lazima ianze na sita. Ama umesoma vibaya, ama kuna mtu amefungua sanduku langu. Niambie ukweli, uliipeleka sokoni? Ulikata tamaa ukaipeleka, wakakuchezea, sasa unaogopa kusema? Sitakasirika. Ila nisidanganywe nikiwa mlimani, nasoma barua moja kwa wiki.

Ingia tena ukurasa wa buluu, rudisha kila kitu katika hali ya kiwandani, msingi 133, RAM iache ijichagulie. Itakuwa na mwendo wa punda, lakini tutajua. Kwenye droo ya kushoto kuna CD nimeiandika "mtihani wa RAM". Iache ifanye kazi mpaka mwisho. Ikitokea mistari myekundu, kuna RAM mbovu.

Elmurod


Margʻilon, Jumanne 7 Februari

Kwa Elmurod,

Nimerudisha hali ya kiwandani. Nimefanya mtihani. Mistari myekundu imejaa ukurasa mzima, nikaacha kuihesabu.

Nane ni nane. Ile 8192 nimeisoma asubuhi, nimeisoma mchana, nimeisoma na miwani ya mama yako. Sikuipeleka sokoni. Sikufungua sanduku. Wewe ndiye uliyeniachia mashine iliyopandishwa kwa siri ukaandika kwamba umeme ndio uliokosea, halafu unaniuliza mimi kama ninadanganya. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilipoketi nilitaka kuichana.

Katika nyumba hii tunaishi watu wawili. Mimi sijafungua. Zaidi ya hapo mimi ni mke aliyeolewa humu na sina la kuongeza.

Jana nimekutana na Bibi Adolat kwenye duka la unga. Ameniambia ameshaagiza kochi lisogezwe karibu na televisheni, kwa sababu haoni vizuri kwa mbali. Zimebaki siku kumi na tisa. Sijui hata kama picha zenyewe bado nzima. Naogopa kuzifungua. Naogopa, Elmurod, na wewe uko juu huko unanihoji kama polisi.

Muhayyo


Margʻilon, tarehe hiyo hiyo

Mwanangu Elmurod,

Hii nimeitia ndani ya soksi ya kushoto. Ukishaisoma, itie motoni.

Siku ile ya kabla hujaondoka ulifungua sanduku kulipuliza vumbi, nami nikakushikia taa. Niliviona vile vijiti vitatu vimesimama, na pembeni yao nafasi ya nne iko tupu. Sikusema kitu, ungenicheka. Lakini nilikosa raha. Mwanangu anapanda mlimani kipindi cha baridi, mkwe wangu anabaki peke yake, na ndani ya nyumba kuna kitu cha witiri, kisicho na mwenzake, kinawaka mchana kutwa, nafasi moja inangoja. Mikate yangu hutoka miwili. Mito yenu niliishona miwili. Hata vikombe sijawahi kununua vitano. Ningeliachaje hilo?

Muhayyo alipokwenda kwao zile siku mbili, nilimwita Qobil, fundi wa televisheni. Kijiti nilikinunua kwa mchuuzi wa vitu vilivyotumika, urefu ule ule, kijani ile ile. Nilikichagua kama ninavyochagua kitambaa. Qobil alikitia vizuri, hata feni yako hakuigusa. Mashine ikawaka, nikamshukuru Mungu. Nilitaka iwe shufwa, urudi salama, muwe wawili.

Kisha yakaanza haya. Mwanzoni nilijiambia si mimi. Lakini juzi nilimsikia mkwe wangu akilia jikoni, amefungulia bomba akidhani maji yatamficha. Analilia kosa langu. Na mzee Turob alicheza kwenye arusi yangu mimi, siku mkewe hayupo, nikiwa na miaka kumi na tisa, sasa huenda nimemfuta.

Usimwambie Muhayyo. Miaka minne tangu aingie humu ndani namwambia asiguse asichokijua. Nitaiweka wapi sura yangu? Niambie tu nifanye nini.

Mama yako,
Hosiyat


Oqtosh, Ijumaa 10 Februari

Muhayyo wangu,

Nisamehe. Nane ni nane. Uliisoma sawa, uliniambia kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nikakuhoji kama polisi. Hilo neno lako nimelala nalo siku tatu.

Sasa fanya hivi. Zima, chomoa waya wa umeme, laza sanduku ubavu, kisha fungua. Likiwa limelala feni haitaanguka. Utaona vijiti vinne. Kilicho mbali kabisa na feni hakikuwemo nilipoondoka. Bonyeza vibanio vyake viwili, kitoe. Usiniulize kilifikaje. Nimefungwa mdomo na mtu ninayemheshimu.

Washa, na utaona 6144. Fanya mtihani. Ukipita bila mstari mwekundu, rudisha msingi 166 na RAM nane, basi. Na sikia hili ulale vizuri: harusi niliinakili tarehe tisa, kabla sijaweka kumi na kabla ya kijiti hicho. Picha zenyewe ni nzima. Vile vipande vya rangi vinaingia unapoitoa filamu tu, kwa sababu kijiti kibovu kinasahau njiani. Mzee Turob yuko salama.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo ya Mama. Mpe bila kuisoma.

Mumeo mjinga,
Elmurod


(karatasi ndogo)

Mama, sijakasirika. Mimi nilifanya kosa kama lako, nami kwa mapenzi hayo hayo, na mimi nimesomea. Lakini mwambie mwenyewe. Mficha uchi hazai. Na vijiti vyangu vya theluji ni vitatu, navisoma kila asubuhi, na bado ni mzima.


Oqtosh, Jumapili 19 Februari

Muhayyo,

Barua ya tarehe kumi ninayo bado mfukoni. Mamasoli hakufika. Theluji imeanguka siku sita mfululizo, njia imezibwa na poromoko, na wanasema huenda ikafunguliwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi arobaini imeshapita.

Nina jibu lako mfukoni na siwezi kulitupa mpaka kwako. Sijawahi kujiona bure namna hii.

Jana nilijaribu redio. Unajua sheria, ni namba tu, na vituo vyote vinasikiliza. Nilisoma kimo cha theluji, nikasoma upepo, kisha nikasema haraka, "Nyumbani kwangu waambieni watoe kijiti cha nne." Karani wa zamu akajibu, "Elmurod, wewe una vijiti vitatu." Nikasema najua, nazungumzia cha nne. Akaniuliza kama nimekula. Akamwita mkuu, naye akaniuliza leo ni siku gani na mimi ni mtoto wa nani. Wameniamuru nipime homa mara mbili kwa siku na nisitoke bila kamba kiunoni. Kila nikiwasha redio vituo vingine vinanisalimia "bwana kijiti cha nne".

Sijui kama ujumbe umefika. Ninachoomba ni kwamba usiitupe mashine, na usikate tamaa, na kwa Bibi Adolat usiende kuomba radhi bado. Barua hii naiweka juu ya ile.

Elmurod


Margʻilon, Jumanne 28 Februari

Mume wangu Elmurod,

Mamasoli amefika alfajiri ya leo na barua zako zote kwa mpigo. Nimezisoma kwa mpangilio wa tarehe, nimecheka, nimelia, na nimekusamehe kabla sijafika kwenye "mumeo mjinga". Karatasi ya Mama nimempa bila kuisoma. Ameisoma yeye kwa sauti, kwa hiyo nimeisikia. Sasa kaa, nikuambie yaliyotokea, maana hakuna ulichoniagiza ambacho hakijafanyika.

Jumamosi ile ofisi ya hali ya hewa ilipiga simu. Mama ndiye aliyepokea. Karani alizungumza naye kwa upole sana, akamuuliza kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuchanganyikiwa kwa baridi, kwa sababu mwanawe anasema mambo ya kijiti cha nne. Mimi nilikuwa chumbani mbele ya mistari yangu myekundu. Nilimsikia akiweka simu. Akaja akasimama mlangoni, na kitambaa chake kichwani kilikuwa kimekaa upande.

"Muhayyo, acha hiyo kazi kidogo," akasema. "Mashine haina kosa. Mume wako hana kosa, wala hana homa. Kijiti cha nne nilikitia mimi."

Akanieleza yote akiwa amesimama, hakutaka kuketi. Mwishoni akasema, "Nilidhani nawaombea heri."

Elmurod, kwa karibu wiki mbili nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilikuwa na maneno yamepangwa, maana tangu barua yako ya vijiti vitatu nilishakisia ni nani, nikanyamaza kwa adabu. Lakini nilipomwona pale mlangoni, mama mtu mzima anasubiri mimi nimkaripie, hasira sikuiona ilipokwenda. Nilimwambia, Mama, nishikie taa.

Tukalilaza sanduku ubavu. Sikujua kama ni salama, ila niliona feni yako imeegemea waya, nikafikiri kwamba kilichoegemea hakianguki kikilazwa. Kijiti alichonionyesha Mama kilitoka kwa urahisi. Nikawasha, na juu kabisa ikaandika 6144. Mama akaniuliza, ndiyo hiyo? Nikasema ndiyo hiyo. Tukaweka mtihani, na Mama akavuta kiti akakaa mbele ya kioo saa nne nzima na tasbihi yake, haelewi hata namba moja ila anajua nyekundu ni nini. Kila nikipita ananiambia, "Bado safi." Mpaka mwisho ilikuwa safi.

Kisha likabaki lile nililoliogopa. Nilifungua picha zenyewe, zile ulizonakili, sikuwa nimethubutu tangu Januari. Mzee Turob akainuka, akarekebisha joho lake, akaanza. Hakuna kijani, hakuna zambarau. Uso wote upo, mpaka ndevu. Nikamshika Mama, naye akanishika, tukakaa pale tunalia kama watu waliofiwa, ilhali ndiyo kwanza tulikuwa tumepona. Mama akasema alikuwa anacheza hivyo hivyo mwaka ule wa harusi yake.

Nilirudisha 166 na nane mwenyewe, bila barua yako, kwa kuwa somo la kwanza nilikuwa nimelielewa. Ukirudi usinieleze tena. Filamu ilitoka Alhamisi, saa tano za kutoka, umeme haukukatika hata mara moja, na Mama alikuwa ameshaenda kwa jirani anayefanya kazi shirika la umeme kumwonya.

Jumapili tulikwenda. Kisomo kilikwisha, pilau ikaliwa, wageni wakaondoka. Walibaki wa nyumbani tu, watoto wake saba na wajukuu. Bibi Adolat aliketi kwenye lile kochi, magoti yake karibu yanagusa televisheni. Kabla sijawasha, Mama aliomba neno. Akawaambia wote kwamba filamu hii nusura ipotee, na kwamba kosa si la mkwe wake, ni lake yeye, na akasema sababu. Hakuna aliyemlazimisha. Bibi Adolat alimsikiliza mpaka mwisho, akampigapiga mkono akamwambia hata yeye angekitia.

Nikawasha. Mzee akainuka. Unakumbuka jinsi alivyoinua mikono kama mtu anayetoa shati kichwani, na ule mguu uliokuwa unachelewa dufu kila mara? Sisi siku ile tulimwona shujaa. Binti zake wakaziba midomo. Nilikuwa namtazama bibi, si televisheni. Alisogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo, akatazama ngoma yote, hakupepesa.

Kisha akasema polepole, "Kumbe hajui."

"Miaka hamsini na miwili," akasema, "ananiambia kucheza si heshima ya mwanamume. Kumbe hajui kucheza. Alikuwa ananionea haya mimi."

Akacheka, Elmurod. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka, na watoto wake saba ambao siku arobaini hawakumwona akitabasamu wakaanza kucheka naye, wengine wanalia palepale. Alipopata pumzi aliweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wa mzee wake, akaniambia nimrudishe mwanzo. Nikamrudisha mwanzo. Tulimrudisha mpaka chai yote ikapoa.

Mkeo,
Muhayyo